Je, wajua kwa nini aliyewekewa ini jipya huugua vijidudu vyake vya zamani?

Ujiji, mtu akirudi kutoka matibabu ya mbali, nyumba haikaukiwi na wageni. Huyu kaja na mgebuka, yule na chupa ya maziwa, mwingine kamshika mkono mjukuu anayekohoa. Sasa aliyewekewa ini India arudi, mkewe aweke ndoo ya maji na sabuni mlangoni na kuwaomba watu wasalimie kwa mbali, basi maneno huanza: wanaringa hao. Hawaringi. Ila hata huyo mjukuu na kikohozi chake si hatari pekee. Vijidudu kadhaa vinavyomwangusha mwenye ini jipya alikuwa navyo mwilini kabla hajapanda ndege, na vingine aliviokota utotoni, pekupeku, akicheza mchangani.

Imekuwaje kitu ulichoishi nacho miaka thelathini kikulaze leo?

Mwili haujui wema. Hata ini likitoka kwa ndugu wa tumbo moja (na India wengi hupewa kipande na ndugu aliye hai, kisha maini yote mawili hukua), kinga huliona ni kitu kigeni na kulivamia. Ndiyo maana mgonjwa humeza dawa za kuishusha kinga, kwa kawaida maisha yake yote. Inayotumika sana ni takrolimusi, iliyopatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Miezi ya mwanzo huongezewa na prednisoloni. Ni kama kuwaambia sungusungu wasitoke usiku kwa sababu una mgeni watakayempiga kwa kutomjua. Mgeni atalala salama, lakini na mwizi aliyekuwa amejibanza nyuma ya nyumba miaka yote amesikia tangazo.

Katika wezi hao, anayenishangaza kuliko wote ni mnyoo uitwao strongiloidi. Jike lake halitimizi hata milimita 3. Kiluwiluwi chake hutoboa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kufanya makazi katika utumbo mdogo. Minyoo mingi hutaga mayai yakatoka na choo, habari ikaisha. Huyu mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, na baadhi ya viluwiluwi hutoboa tena ukuta wa utumbo na kuanza safari upya. Hahitaji tena udongo. Wanajeshi walioshikwa mateka kusini-mashariki mwa Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa nao zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kinga ikiwa macho, minyoo hiyo hubaki michache na mwenyewe hana habari, labda kuwashwa tu mara moja moja. Prednisoloni ikiingia, huzaana kwa maelfu. Viluwiluwi hutoboa utumbo kwa wingi, vikibeba bakteria wa kinyesi hadi kwenye damu, mapafu, hata ubongo. Wengi wanaofikia hapo hufa. Na cha kuyazuia hayo ni vidonge vichache vya ivermektini kabla ya upasuaji! Albendazoli tuliyokuwa tukipewa shuleni haimwezi vizuri. Kwa hiyo anayetoka Kigoma kwenda kuwekewa kiungo amweleze daktari alikokulia, hata asipoulizwa.

Wapo na wengine. Kirusi cha saitomegalo huku kwetu karibu kila mtu hukipata akiwa mtoto, nacho hulala mwilini daima. Ini jipya laweza kuja na cha kwake pia. Homa ya ini B, kama ndiyo iliyoliua ini la kwanza, hulirukia la pili isipozuiwa kwa dawa. Kifua kikuu kilicholala nacho huamka, na hapo pana mtego: rifampisini, nguzo ya tiba yake, hulifanya ini livunje takrolimusi haraka, dawa ikapungua kwenye damu na mwili ukaanza kulikataa ini. Eritromaisini, antibiotiki ya duka la dawa, hufanya kinyume chake, takrolimusi ikazidi na kuumiza figo. Hata balungi huipandisha.

Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji kwa kawaida ni zamu ya bakteria wa hospitali: kidonda, mipira ya mkojo, mapafu. Ini lina udhaifu wake pia, kwa kuwa limeungana na utumbo kwa mfereji wa nyongo. Pale mfereji uliposhonwa pakibana, nyongo hutuama na bakteria wa tumboni hupanda. Kati ya mwezi wa pili na wa sita, kinga ikiwa chini kabisa, ndipo waliolala huamka, pamoja na fangasi wa mapafu anayezuiwa kwa Septrin ile ile ya kliniki za VVU. Baadaye dozi hupunguzwa, na magonjwa huwa zaidi ya mtaani: mafua, nimonia, kuhara. Maziwa ya ile chupa ya mgeni yachemshwe kwanza.

Shida ni kwamba prednisoloni huficha homa. Mgonjwa anaweza kuwa na usaha mfereji wa nyongo na kipimajoto kisome 37.8 tu. Mama mkwe atamgusa paji la uso na kusema, "Malaria hiyo baba, meza mseto upumzike." Yawezekana kweli ni malaria, Kigoma ipo. Apimwe. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, hospitali inayomfuatilia ipigiwe simu usiku huo huo, na dozi yake ya takrolimusi ya saa mbili asiiruke.