Eti Waakadia walipelekwa Louisiana na Waingereza? Hapana bana

Stori ya Waakadia, wale walowezi wa Kifaransa wa mashariki mwa Kanada waliofukuzwa kwao, ikiibuka tu mtandaoni, lazima atokee mtu aseme "aah, hao si wale Wafaransa wa Quebec walioasi, Waingereza wakawapeleka Louisiana, kule Marekani". Sentensi moja tu, lakini makosa yamejaa.

Quebec tuimalize haraka. Waakadia walianzia Port-Royal, Nova Scotia ya leo, mwaka 1605, wakati mji wa Quebec umeanzishwa 1608. Wana bendera yao tangu 1884, ile ya Ufaransa iliyoongezwa nyota ya njano, na sikukuu yao ni tarehe 15 Agosti, waliichagua makusudi isiwe ile ya 24 Juni ya watu wa Quebec.

Eti waasi. Ufaransa ilipowaachia Waingereza eneo hilo mwaka 1713, wengi walibaki mashambani kwao wakaendelea kulima. Walichogomea ni kiapo cha kuwalazimisha kushika silaha dhidi ya Wafaransa wenzao na Wamikmaki, wenyeji wa ile ardhi ambao wengine walishaoana nao kabisa. Wapo waliopigana upande wa Ufaransa, tusidanganyane, ila wengi walitaka tu waachwe wakae katikati.

Halafu kuna suala la ardhi, na hapa mimi ndipo naona utamu wenyewe ulipokuwa. Pale ghuba ya Fundy maji yakijaa hupanda hata mita 16, sasa hawa watu badala ya kufyeka misitu walijenga matuta ya udongo kuzuia bahari, chini ya tuta wanapitisha mfereji wa mbao wenye kimlango kinachofunguka upande mmoja tu: maji yakitoka shambani yanakisukuma yanapita, bahari ikijaa inakisukuma kinyume kinajifunga chenyewe. Wanaacha mvua ioshe chumvi miaka miwili mitatu, ndio wanapanda ngano. Mashamba ya nguvu. Baada ya kuwafukuza, walowezi wa kutoka New England wakaja kuyachukua, kumbe dhoruba ya 1759 ilishabomoa matuta na wao hawajui kuyatengeneza, ikabidi Waakadia waliokuwa mateka wapelekwe kuyarekebisha. Yaani unakarabati shamba ulilonyang'anywa, mwenye nalo mpya anakusimamia!

Sasa Louisiana. Tarehe 5 Septemba 1755 kule Grand-Pré, kijiji chao Nova Scotia, wanaume na wavulana 418 waliitwa kanisani, wakafungiwa humo na kusomewa kwamba ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme na wao wanahamishwa. Aliyewasomea, John Winslow, alikuwa mtu wa Massachusetts, koloni la Uingereza huko Amerika, na askari wake hivyo hivyo, kwa hiyo hata hiyo "Waingereza" tuiseme kwa uangalifu, ingawa amri ilitoka kwa naibu gavana wa Nova Scotia, Charles Lawrence. Meli ziliwatawanya kwenye makoloni kuanzia Massachusetts hadi Georgia ili wasije wakajikusanya tena. Virginia ikagoma kuwapokea, wakasukumiwa Uingereza kwenyewe. Mwaka 1758 wengine walikuwa wanapelekwa Ufaransa, meli mbili, Violet na Duke William, zikazama na mamia ya watu. Louisiana hakuna aliyepelekwa na Waingereza, walienda wenyewe baadaye: Joseph Broussard alifika 1765 na watu kama 200, halafu mwaka 1785 meli saba zikatoka Ufaransa na watu kama 1,600, nauli kalipa mfalme wa Hispania maana Louisiana ilikuwa yake wakati huo. Hao ndio chimbuko la Wakajuni, wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa.

Na Evangeline, yule binti anayemtafuta mchumba wake miaka na miaka? Ametungwa na Longfellow, mshairi wa Marekani, kwenye shairi la 1847. Sanamu yake ipo Grand-Pré, mtu hakuwepo.

Mwisho, wapo wanaosema eti walikwisha. Wengi walirudi, wakakuta kwao kuna watu wengine, wakaanza upya pembeni. Leo wengi wako New Brunswick, mkoa pekee wa Kanada ambao Kifaransa na Kiingereza ni lugha rasmi zote mbili, sheria ilipita 1969 chini ya Louis Robichaud, waziri mkuu wa mkoa huo, naye Mwakadia. Tarehe 15 Agosti wanaingia barabarani wanagonga masufuria kuonyesha bado wapo. Ukialikwa siku hiyo ukaambiwa kuna poutine usitegemee chipsi zenye jibini, hiyo ni ya Quebec. Ya kwao ni donge la viazi vilivyokunwa, rangi kama ya kijivu hivi, ndani nyama ya nguruwe, linachemshwa, na wapo wanaolinyunyizia sukari.