Je, wajua kwa nini timu iliyoongoza ligi ilimweka benchi mrushaji wake bora akiwa mzima?

Mwanzoni mwa Septemba 2012, hakuna timu ya besiboli Marekani iliyokuwa ikitamba kuliko Washington Nationals. Mji mkuu ule ulikuwa haujaonja mechi za mtoano tangu 1933. Tarehe 8 mwezi huo uongozi ukatangaza kwamba Stephen Strasburg, mrushaji wa miaka 24, yaani anayewarushia wapinzani mpira wanaojaribu kuupiga kwa gongo, na ambaye wapigaji wa ligi nzima walikuwa wanamwogopa, msimu wake umekwisha. Hakuwa ameumia wala kugombana na kocha. Hesabu ya kazi ya mkono wake ilikuwa imejaa, basi.

Wakati huo nilikuwa nakaa Maryland, mtu niliyekulia kwenye soka, na mchezo huu nilikuwa nimeanza kuupenda mwaka uleule. Nilidhani nimesikia vibaya redioni. Hebu fikiria Simba au Yanga imwambie mfungaji wake bora akae nyumbani kabla ya fainali kwa sababu amekwisha kukimbia kilomita nyingi. Nani angetoka uwanjani salama siku hiyo?

Kuelewa uamuzi ule, tuanze na mkono wenyewe.

Kila aliyewahi kupopoa maembe anajua kwamba jiwe la kwanza halina shida, la ishirini linaanza kuvuta bega, na la hamsini unalikumbuka kesho yake unapotaka kujifunga shuka. Mrushaji wa besiboli anafanya hivyo mara 100 hivi katika mchezo mmoja, kwa mpira wa gramu 145, akimlenga mdakaji wa timu yake aliye nyuma ya mpigaji, umbali wa kama mita 18 na nusu, na mpira unatoka kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Wale wakali zaidi hupita 160. Kriketi tunayoijua Nairobi na Kampala haimruhusu mtu kukunjua kiwiko hivihivi anaporusha. Besiboli inaruhusu, na kasi nyingi inatokea hapo hapo. Matatizo pia.

Tazama picha za polepole za mrushaji yeyote. Kwanza mguu unakanyaga mbele, nyonga inageuka, kifua kinafuata, na mkono unabaki nyuma kama mkia, kiganja kikitazama angani. Halafu bega linazunguka kwa ghafla. Wanaopima miondoko ya mwili wameona bega hilo likizunguka kwa zaidi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde, mwendo ambao, kama lingeweza kuendelea, ungekuwa mizunguko karibu ishirini kamili ndani ya sekunde moja. Upande wa ndani wa kiwiko, kati ya mfupa wa juu na wa chini, kuna ukano mfupi unaozuia mifupa hiyo isiachane. Katika nukta ile unavutwa kwa nguvu ambayo, ungekuwa peke yake, ungekatika. Kinachouokoa ni misuli ya mkono inayobeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, ukano unabaki kubeba mwenyewe.

Ndiyo maana warushaji wa kuanza hupokezana watu watano, kila mmoja akipata siku nne za kupumzika katikati ya mechi zake, kwenye msimu wa mechi 162. Na ndiyo maana kazi yao inahesabiwa kwa zamu: mechi ina zamu tisa, na kila zamu mrushaji anatakiwa kuwatoa wapigaji watatu. Akitoka baada ya kumtoa mmoja tu, anaandikiwa theluthi. Mgeni huona ni uhasibu wa kupita kiasi. Baada ya miaka miwili utajikuta unabishania theluthi hizo kama mali ya urithi.

Zamani hawakuhesabu hivyo. Mwaka 1884 Charles Radbourn wa Providence Grays alirusha zamu 678 na theluthi mbili, akaanza mechi 73 na kuzimaliza zote mwenyewe, na timu yake ikachukua ubingwa. Sheria za wakati ule zilikuwa tofauti, mrushaji alisimama karibu zaidi, na hakukuwa na sababu ya kutumia nguvu zote kwa kila mpigaji. Mwaka 2024, katika ligi yenye timu 30, waliofikisha zamu 200 walikuwa wanne tu. Wazee wakisikia hivyo husema vijana wa leo ni laini. Mimi sikubaliani nao, na sababu nitaieleza.

Strasburg alikuwa ameshakatika mara moja. Alianza ligi kuu tarehe 8 Juni 2010 dhidi ya Pittsburgh Pirates, akawatoa wapigaji 14 kwa kuwakosesha mpira mara tatu kila mmoja. Agosti mwaka huohuo, akiwa Philadelphia, ukano ukachanika. Akafanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwezi Septemba 1974: kano huchukuliwa sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi kwenye mkono wenyewe, na kupandikizwa kwenye kiwiko kupitia matundu yanayotobolewa kwenye mfupa. Tommy John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi, na akashinda mechi 164 nyingine mpaka alipoacha mwaka 1989 akiwa na miaka 46. Upasuaji huo ukawa wa kawaida hata wazazi wengine wanadhani ni kama kubadilisha tairi.

Meneja mkuu wa Nationals, Mike Rizzo, alikuwa na kielelezo chake nyumbani. Jordan Zimmermann, mrushaji mwingine wa timu hiyo, alipasuliwa mwaka 2009, na mwaka 2011 walimsimamisha alipofika zamu 161 na theluthi. Baada ya hapo Zimmermann alirusha karibu zamu 200 au zaidi kila msimu kwa miaka minne mfululizo. Kwa hiyo Strasburg naye akawekewa mpaka kama huo. Alisimamishwa kwenye zamu 159 na theluthi, akiwa ameshinda mechi 15 na kupoteza 6. Hakuficha kwamba hakupenda.

Nationals walimaliza wakiwa wameshinda 98 na kupoteza 64, rekodi bora kuliko timu zote. Kwenye mtoano wakakutana na St. Louis Cardinals, na wa kwanza kushinda mechi tatu kati ya tano ndiye angesonga mbele. Walishinda ya kwanza 3-2, wakafungwa 12-4, wakafungwa tena 8-0 mbele ya mashabiki wao, wakashinda ya nne 2-1. Ya tano, tarehe 12 Oktoba, wakawa mbele 6-0 baada ya zamu tatu. Mtaani kwetu mtu mmoja alishaanza kupiga honi. Zamu ya tisa wakawa mbele 7-5, wapigaji wawili wa Cardinals wametoka, anayefuata akikosa mara moja tu zaidi mchezo umekwisha, na zaidi ya mara moja walifika hapo. Cardinals wakapata mikimbio minne, yaani pointi nne. 9-7. Honi haikusikika tena.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulitazama usiku ule. Mrushaji aliyeanza kwa upande wa Cardinals, aliyelimwa mikimbio sita mapema, alikuwa Adam Wainwright. Naye alipasuliwa Tommy John, Februari 2011, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza tangu kurudi. Timu yake haikumwekea mpaka. Alikuwa amerusha zamu 198 na theluthi mbili kabla ya mtoano. Mwaka uliofuata akarusha 241 na theluthi mbili, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi yake, akashinda mechi 19. Ni kweli alikuwa na miaka 31, mwili uliokomaa, na hakuwa mtu wa kurusha kwa kasi ya Strasburg.

Atlanta Braves nao walikuwa na mtu wao, Kris Medlen, aliyepasuliwa 2010. Wao walicheza na kalenda: wakampa kazi fupifupi za kuingia katikati ya mchezo mpaka mwisho wa Julai, kisha ndipo wakamwanzisha. Alianza mechi 12, akashinda tisa, hakupoteza hata moja, na timu ikampa mechi ya mtoano ya Oktoba. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele: kumbe inawezekana! Kwa nini Rizzo hakuanza na Strasburg mwezi Mei? Mpaka leo naona hapo ndipo alipokosea. Mkono alikuwa na haki ya kuulinda, lakini kalenda hakuipanga. Ila haki itendeke: Machi 2014 kiwiko cha Medlen kikakatika tena na akapasuliwa mara ya pili.

Na kabla sijaacha mwaka 2012, kuna Johan Santana wa New York Mets. Tarehe 1 Juni, akirudi kutoka upasuaji wa bega, aliwanyima Cardinals pigo zuri hata moja kwa zamu zote tisa, jambo ambalo hakuna mrushaji wa Mets aliyewahi kulifanya tangu timu ianzishwe 1962. Kocha alijua kwamba mirusho inapita kiasi kilichopangwa, akamwacha. Ilifika 134. Baada ya Agosti mwaka huo Santana hakurusha tena katika ligi kuu. Huwezi kuthibitisha kwamba ni usiku ule uliomaliza bega lake. Huwezi pia kumwambia shabiki wa Mets kwamba ilikuwa heri wamtoe.

Mikono minne yenye kiwiko cha kuungwa, na matokeo manne: Zimmermann alisimamishwa akadumu, Wainwright hakusimamishwa akadumu, Medlen alicheleweshwa akakatika, na Strasburg nitamfikia. Zamu ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana zilihesabiwa. Lakini zamu moja inaweza kuwa mirusho minane ya utulivu au mirusho thelathini na wapinzani wamejaa kwenye vituo wakisubiri kukimbia, jasho likitiririka. Mirusho ya kupasha mwili moto haiandikwi popote kwenye matokeo. Na juu ya yote kuna nguvu iliyowekwa katika kila mrusho. Hapo ndipo ninapowajibu wazee: wastani wa kasi ya mrusho wa moja kwa moja katika ligi kuu ulikuwa kama kilomita 148 kwa saa mwaka 2008, sasa uko kwenye 151 hivi. Inaonekana ni kidogo, lakini ni wastani wa mamia ya watu, na wote wanaupata kwa kutoa kila walichonacho tangu mrusho wa kwanza. Radbourn alitembea kilomita nyingi. Hawa wanakimbia mita mia kila mara. Ripoti ambayo ligi yenyewe ilitoa Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilielekeza kidole hukohuko, kwenye kasi, mzunguko wa mpira na kurusha kwa nguvu zote.

Kwa watoto, hata hivyo, kuhesabu mirusho kuna maana kubwa, kwa sababu mifupa yao haijafunga. Ligi ya watoto ya Little League humzuia mrushaji wa miaka 11 au 12 kuvuka mirusho 85 kwa siku. Agosti ya 2012, wakati Washington inagombana kuhusu Strasburg, vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa Pennsylvania wakicheza mashindano ya dunia ya ligi hiyo, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, na walishinda mechi moja, 3-2, dhidi ya vijana wa Oregon. Nao walihesabiwa mirusho kama wengine.

Strasburg alifika Oktoba ya kweli mwaka 2019. Nationals walianza msimu huo vibaya, wameshinda 19 wamefungwa 31, na mimi nilishawazika. Yeye alirusha zamu 209, kisha kwenye mtoano 36 na theluthi nyingine, akashinda mechi tano bila kupoteza. Mechi ya sita ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu, huko Houston, timu ikiwa ukingoni, alikaribia kuimaliza yote peke yake. Wakachukua ubingwa siku iliyofuata na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Desemba wakampa mkataba wa miaka saba, dola milioni 245. Jumlisha zamu zake za mwaka ule: 245 na theluthi.

Chini ya mkataba huo alirusha zamu 31 na theluthi tu, mechi nane, mpaka 2022. Ukano wa kiwiko, ule uliolindwa kwa kumkosesha mtoano wa 2012, haukukatika tena. Kilichommaliza kilikuwa juu zaidi, mishipa inayobanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, akapasuliwa mwaka 2021 na ubavu mmoja ukatolewa. Alistaafu Aprili 2024, akiwa na miaka 35.