Mnaoniomba nimwache msusi apumzike

Sentensi hii nikiisikia mara moja zaidi naacha uandishi nikauze mitumba: “Nyie waandishi mnaweza kumwokoa, mmeamua tu kumkomoa.”

Anayezungumziwa ni msusi wetu, mhusika wa tamthilia ya televisheni ninayoiandika na wenzangu. Mnaotazama mnamfahamu, wasiotazama watanivumilia: ameolewa na mfanyabiashara mwenye nyumba ndogo mbili, mama mkwe kamchukua mtoto, saluni imefungwa kwa deni lisilo lake, na kaka yake pekee ameshazikwa. Mashabiki wana matumaini matatu na wananifikishia popote, hadi msibani: apewe talaka, arudishiwe mtoto, aolewe na fundi pikipiki aliyempenda tangu sehemu ya kwanza. Wakimaliza kunieleza wananiangalia, wanasubiri niseme basi sawa, Jumatatu mtaona.

Jumatatu ilishapita zamani, jamani. Sehemu mtakayoiona Jumatatu tuliishuti miezi miwili nyuma, na hadithi yake ilipitishwa kabla ya hapo. Tunapanga nyuzi, yaani visa vinavyokwenda sambamba ndani ya hadithi, tunaandika muhtasari wa kila sehemu, yanafuata mazungumzo, mtayarishaji anakata anachoona ghali, ndipo mwongozaji anapata muswada. Halafu hatushuti kwa mfuatano. Nyumba ya mfanyabiashara inakodiwa kwa siku, kwa hiyo kila kinachotokea jikoni kwake ndani ya sehemu kumi kinapigwa kwa mkupuo. Asubuhi msusi anamlilia kaka yake, mchana wanagombana naye palepale kuhusu hela ya kodi. Ukiniambia “badilisheni kidogo pale jikoni” unanituma nikakodi nyumba upya, niwarudishe waigizaji sita na mafundi wa taa, nitafute gauni lile lile lililokwisha pelekwa kwa mwenyewe, na nimbembeleze mama mkwe ambaye sasa kanyoa kipara kwa ajili ya kazi nyingine.

Hata hivyo, si kweli kwamba sauti ya mtazamaji haina nguvu popote. Brazil wamezoea kuandika huku tamthilia iko hewani, na huko mtazamaji ana nguvu za kutisha. Mwaka 1967 kituo cha Globo kilikuwa na Anastácia, hadithi iliyojaza watu mpaka ikashindwa kutembea. Akaitwa mwandishi Janete Clair aiokoe. Aliwaletea tetemeko la ardhi, likafagia wahusika wengi kwa mkupuo mmoja, akaendelea na waliobaki. Mwaka 1998, katika Torre de Babel, wahusika ambao sehemu ya watazamaji iliwakataa waliishia kwenye mlipuko wa jengo la maduka. Kwa hiyo anayetaka tuwasikilize watazamaji zaidi akumbuke kwamba tutawasikiliza na wasiompenda msusi. Wapo. Wananiandikia, tena kwa hoja.

(Wanaowaandikia wanaotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki wakiomba mwisho ubadilishwe, siwawezi. Kule Uturuki sehemu moja ni karibu saa mbili kila wiki, na watazamaji wakipungua inakatwa bila huruma. Ikifika kwetu imeshakatwa vipande vifupi, na mara nyingi ilishaisha zamani kwao. Yule dada kwenye kibanda cha sauti hapa Dar es Salaam hana mamlaka ya kumfufua mtu wa Istanbul.)

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Mnadhani mapenzi yenu kwa msusi hayatufikii. Yanatufikia, na ndiyo yanayomtesa.

Msusi hakuwa mtu. Alikuwa uzi wa tatu: mikono inayosuka kichwa cha mke wa mbunge wakati mke wa mbunge anamwaga umbea. Mistari miwili, “Nikaze?” na “Pole, dada.” Yule binti akaisema ile “Pole, dada” kwa namna ambayo watu walianza kuuliza yeye ni nani, anakaa wapi, ana mume? Tukampandisha. Leo ana sini, yaani vipande vya tukio, sita au saba kwa sehemu, na sini saba haziwezi kujazwa na mwanamke anayekunywa chai na mume anayemheshimu. Lazima kuwe na kitu anachokitaka, na mtu aliyesimama njiani. Kila mnapozidi kumpenda tunamwongezea dakika, na dakika zinadai matatizo. Mnakumbuka karani wa mahakama? Hakuna aliyempenda wala kumchukia. Tulimwozesha vizuri tu, harusi ya kanga na vigelegele, akahamia Mwanza, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyeuliza anaendeleaje. Raha mnayomwombea msusi karani aliipata.

Hapo wenzangu wengi huishia, wanajiona wameshinda. Mimi naona mashabiki wana haki kwenye jambo moja ambalo wanalisema vibaya. Wanasema “mnamtesa mno.” Shida si wingi wa mateso. Tazameni Deirdre wa Coronation Street, tamthilia ya Uingereza, mwaka 1998: mwanamume tapeli aliyejifanya rubani alimwingiza kwenye udanganyifu wa fedha, Deirdre akafungwa kwa kosa lisilo lake, na Waingereza wakaja juu. Magazeti yakadai aachiwe, hata waziri mkuu wao Tony Blair akaingia kwenye mchezo huo kana kwamba kuna mfungwa wa kweli. Hakuna aliyesema waandishi wamezidisha. Kila aliyekaa mbele ya televisheni alikuwa na ushahidi ambao mahakama haikuwa nao, na ushahidi huo ulimwasha.

Msusi wetu, kwa upande mwingine, kuna wiki nzima alipigwa na dunia bila kuamua kitu. Mtoto kachukuliwa, akalia. Saluni imefungwa, akalia. Kaka kafa, hapo nakubali, alistahili kulia. Wiki kama hiyo inachosha, na mtazamaji akichoka anasema “mwacheni apumzike” ilhali moyoni anadai “mwacheni afanye kitu.” Kikwazo ni mlango uliofungwa, pamoja na mhusika mwenye panga anayeutazama. Mateso matupu ni mlango tu. Kwenye kikao nilipigania sini ambayo msusi anaenda mwenyewe kwa mdai wa lile deni, anakaa, anaomba daftari alisome. Dakika tatu, hakuna chozi. Nikaambiwa haina hisia. Ikapunguzwa ikawa sekunde arobaini na wimbo wa huzuni juu yake.

Kwa hiyo mkiandika, msiandike “mpeni mume.” Andikeni anachoweza kukifanya yeye. Ujumbe wa aina hiyo huwa unasomwa kwa sauti kwenye kikao, kwa sababu umetupunguzia kazi.

Kuhusu fundi pikipiki kuna sheria ya kazi inayosema wapenzi wakishaoana hadithi imekufa, na tunaifundisha kwa vijana kana kwamba imeteremshwa. Siiamini kama zamani. Hiyo hiyo Coronation Street ilikuwa na Jack na Vera Duckworth, mume na mke wa kuzozana miaka na miaka, na watu waliwapenda mpaka Vera alipokufa mwaka 2008 na Jack akamfuata mwaka 2010. Ndoa yao ndiyo ilikuwa hadithi. Huenda kinachokufa ni ujuzi wetu wa kuandika watu wawili wanaoishi pamoja, wanaojuana mpaka kikohozi, na bado wana la kugombania. Ni kazi ngumu. Kumleta mchepuko mpya ni rahisi zaidi, na Ijumaa haisubiri mtu.

Na sina hakika nyinyi mnaoandika ni nani. Wanaotuma ujumbe wanamtaka fundi pikipiki kwa kishindo. Ila ukikaa na kina mama wanaotazama huku wanachambua mchele, wasioandika kokote, utasikia: yule fundi mwenyewe ana nini? Mume tajiri si ataachwa na vyake? Hao hawako kwenye hesabu zetu za maoni, na nahisi ni wengi. Tunaandika tukiwa tumeelekea upande wenye kelele, na sijui dawa yake.

La mwisho, vifo, maana hapa ndipo mnapokuwa wajanja kuliko sisi. Tangu enzi za vibanda vya video tunajua stelingi hauawi. Kwenye tamthilia hata asiye stelingi hauawi moja kwa moja. Inategemea kama mwigizaji yupo na kama mkataba unazungumzika. Den Watts wa EastEnders, tamthilia nyingine ya Uingereza, alipigwa risasi kando ya mfereji mwaka 1989 na akarudi mwaka 2003, mzima. Wamarekani wa tamthilia ya Dallas walimuua Bobby Ewing, na mwaka 1986 mkewe akamkuta bafuni anaoga, msimu mzima ukageuzwa ndoto. Kifo kwetu ni kauli ya ofisi ya mikataba, sisi tunaiandikia machozi tu.

Basi wale wanaonisumbua kila wiki kuhusu kaka yake msusi: mlikuwepo msibani, mliona jeneza, mliona shimo, mlimsikia msusi akipiga kelele. Sura ya maiti hamkuiona. Aliyeagiza kamera isifike pale si mimi, na nilipouliza sababu niliambiwa jamaa ameomba nyongeza.