Je, wajua kwa nini fayawoli iliyo ndani ya CD ni ngumu kuchafuliwa?

Kwangu Umoja, chini ya meza ya televisheni, kuna kompyuta kuukuu isiyo na skrini, kibodi wala hadidiski. Ina kadi mbili za mtandao: moja imeshika kebo ya intaneti, nyingine inaelekea kwenye kompyuta za watoto. Kila kinachoingia au kutoka hukaguliwa hapo. Hiyo ndiyo fayawoli yetu, na mfumo wake wote umo kwenye CD moja.

Jirani alipoiona aliniuliza, "Mbona CD, siku hizi?"

CD tupu ina tabaka la rangi. Ukiichoma, yaani ukiiandika data, leza huunguza vidoa vidogo kwenye rangi hiyo, na kilichoungua hakirudi kuwa kibichi. Diski ikishafungwa isiandikwe tena, hakuna kinachoongezeka. Nami nimeweka kisomaji kisichoweza kuchoma kabisa, kwa hiyo hata mwizi akiingia, kalamu hana.

Kompyuta ikiwaka husoma CD, hupakia mfumo kwenye memori ya RAM na kufanyia kazi humo. Memori hiyo husahau yote stima ikikatika, pamoja na chochote alichopanda mvamizi.

Tofauti hii kati ya memori na hifadhi ya kudumu imewahi kuonekana wazi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta nyingi duniani, lakini kiliishi kwenye memori tu. Ukizima kifaa, kinafutika. Mwaka 2018 kikaja VPNFilter. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, iliwaomba watu wazime rauta zao na kuziwasha tena, ila sehemu ya kwanza ya kirusi hicho ilibaki palepale, kwa sababu ilikuwa imejiandika kwenye hifadhi ya kudumu ya rauta.

Halafu kuna stima yetu ya Nairobi. Ikipotea hadidiski ikiwa katikati ya kuandika, mafaili yanaweza kuharibika. Juzi ilipotea mara tatu jioni moja. Kila iliporudi niliisikia CD ikianza kuzunguka, na baada ya muda mfupi watoto wakaendelea na masomo yao.

Mipangilio lazima ikae mahali. m0n0wall, fayawoli aliyoianzisha Manuel Kasper mwaka 2003, iliweza kuwaka kutoka CD na kuweka mipangilio yote kwenye faili moja ndani ya flopi. Mimi natumia flashi yenye kitufe cha kuifunga isiandikwe. Naifungua nikibadilisha kitu, kisha naifunga palepale.

Ila usidanganyike: tundu alilopitia mvamizi bado lipo. Mirai yenyewe ilirudi upesi kwenye vifaa vilivyoachwa na nywila ya kiwandani. Mfumo ukipata marekebisho, ni lazima uchome CD mpya, na hilo si la kuahirisha. Kumbukumbu za nani alibisha hodi nazo hupotea kompyuta ikizimwa, kwa hiyo zangu nazituma kwenye kompyuta iliyo chumbani, nami huzisoma kila Jumapili.