Dubu hatafutwi, anasubiriwa

Mgeni akishazoea mbuga za kwetu, swali lake la kwanza akifika huku Kuhmo, Finland, nalijua: "Kesho tunaanza kumtafuta dubu saa ngapi?" Nimelijibu kwa mdomo miaka yote hii. Leo naliandika.

Dhana: Dubu anatafutwa, kama simba.

Ukweli: Serengeti ni tambarare, jicho linafika mbali, na simba amezoea magari. Huku mashariki mwa Finland, jirani na mpaka wa Urusi, ni misonobari, misprusi na vinamasi. Mara nyingi huoni zaidi ya mita 50 mbele yako, ilhali pua ya dubu inakunusa ukiwa bado mbali sana. Tena ni mnyama anayewindwa tangu enzi za mababu. Kwake harufu ya binadamu maana yake ni kuondoka. Ukizunguka msituni siku tatu unamtafuta, yeye atakuwa amekukwepa siku tatu, na wewe utarudi na alama za mbu tu.

Kwa hiyo tunaingia kibandani, yaani kibanda cha kujificha na kumsubiri dubu, saa 11 jioni, tunatoka saa 1 asubuhi. Mbele yetu, ukingoni mwa kinamasi, kuna chambo. Choo kimo humo humo. Hakuna anayetoka katikati, hata kama saa sita zimepita bila kuona chochote isipokuwa kunguru. Hapo ndipo watu hunichosha: "Twende basi tukaangalie kule nyuma!" Ndugu yangu, ukifungua mlango umewaharibia wenzako usiku mzima. Dubu dume anaweza kufika kilo 250 na bado akatembea juu ya kuvumwani, ule utando laini unaoota ardhini, bila wewe kusikia hata kijiti kuvunjika. Huenda yuko hapo hapo nyuma ya mti, anapima upepo kabla hajajitokeza.

Na manukato acheni nyumbani. Hili nalisema kila safari na kila safari yupo aliyejipulizia. Sabuni isiyo na harufu, nguo zisizochakarika, chakula kilichotolewa kwenye mifuko ya plastiki kabla ya kuingia. Mimi hubeba mkate, mayai ya kuchemsha na chai kwenye chupa, basi.

Wengine husema dubu haoni vizuri, hivyo unaweza kupungapunga simu dirishani. Anaona vizuri, na kitu kinachosogea hakimpiti.

Wapo wanaotaka kuja Januari wampige picha kwenye theluji. Januari yuko pangoni, amelala msimu wa baridi, na jike mwenye mimba huzaa humo humo, watoto wa takriban nusu kilo kila mmoja. Njooni kati ya mwishoni mwa Aprili na Septemba.

Tochi na flashi za nini? Mwezi wa Juni huku usiku hauwi giza; saa sita usiku unapiga picha bila taa.

Mbwa mwitu wa huku kuulilia mwezi mpevu: hapana. Hulia ili kuitana na kuwaonya wa kundi jingine, mwezi uwepo usiwepo.

Mwisho, elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Watu humwita ng'ombe wa porini, mpole. Dume hupita kilo 400, na jike mwenye ndama hukukanyaga bila onyo refu. Barabarani jioni mimi humwogopa elki kuliko dubu, kwa hiyo tukienda kibandani naendesha polepole, na msinihimize.