Maccabiah si ya Wayahudi wa Israeli peke yao

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti Maccabiah, michezo mikubwa ya Wayahudi inayofanyika Israeli kila baada ya miaka 4, ni ya Wayahudi wa huko tu, na Mwarabu akijaribu kuingia anarudishwa getini. Sivyo.

Milango ni miwili. Mmoja ni wa wanamichezo Wayahudi kutoka nchi yoyote. Wa pili ni wa raia wa Israeli, awe Myahudi, Mwislamu, Mkristo au Mdruze. Asiye Myahudi kutoka nje ndiye ambaye kwa kawaida hana nafasi, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya, pamoja na lile jina la utani, “Olimpiki ya Wayahudi”.

Kuhakiki si kazi. Tazama video ya ufunguzi uone timu zikiingia uwanjani na bendera zao: Argentina, Uingereza, Marekani, Afrika Kusini. Tena mashindano ya kwanza yalifanyika Tel Aviv mwaka 1932, miaka 16 kabla taifa la Israeli halijaundwa.

Ukitumiwa tena ujumbe ule, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyekuletea masharti ya kushiriki, ayasome mwenyewe.