Mifumo ya uongozi wa kanisa: nani mwenye kauli ya mwisho?

Mfumo wa uongozi wa kanisa ni utaratibu unaoonyesha mamlaka yako mikononi mwa nani: nani humpangia mchungaji kituo na kumhamisha, nani huamua matumizi ya sadaka, na shauri likiwashinda wazee wa usharika hupelekwa wapi. Wanateolojia hutaja mifumo mitatu, yaani wa maaskofu, wa wazee na wa ushirika (kanisa la mahali pamoja) unaojitawala. Hata hivyo, mkazi wa Dodoma anayepita makanisa ya mjini humo atakuta maaskofu karibu kila mahali, na cheo hicho peke yake hakimwambii mamlaka yanakaa wapi.

Mfumo wa maaskofu huonekana wazi zaidi katika Kanisa Katoliki. Papa humteua askofu, askofu humteua paroko, na halmashauri ya walei (waumini wasio makasisi), hata iwe na wajumbe wazito namna gani, hubaki kuwa chombo cha ushauri. Jimbo la Dodoma lilipopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 2014, uamuzi huo ulitoka kwa Papa mwenyewe. Waanglikana nao wanamheshimu askofu kama mrithi wa utume, lakini Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanza mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, ina sinodi ambamo makasisi na walei huketi pamoja na askofu wao na kupiga kura. Mkulima wa kijijini aliyetumwa na parokia yake ana sauti humo, jambo ambalo wengi husahau wanapouita mfumo huu utawala wa mtu mmoja.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, limekwenda mbali zaidi katika kuchanganya. Kila dayosisi ina katiba yake na humchagua askofu wake kwa kura, na Mkuu wa Kanisa, ambaye naye huchaguliwa miongoni mwa maaskofu hao, hana amri ya moja kwa moja juu ya dayosisi ya mwenzake. Kwa Wamoravian tofauti ni kubwa zaidi: askofu ni mlezi wa kiroho na ndiye anayebariki wachungaji, ilhali utawala wa jimbo uko kwa mwenyekiti na halmashauri iliyochaguliwa na sinodi.

Mfumo wa wazee ulijengwa Geneva na John Calvin katika karne ya 16, kisha ukashika mizizi Scotland. Ndani yake wachungaji wote ni sawa kwa daraja, na huamua mambo pamoja na wazee waliochaguliwa, kuanzia baraza la ushirika hadi baraza kuu. Waadventista Wasabato hawatoki katika ukoo huo, lakini mpangilio wao unafanana nao: hawana maaskofu, viongozi wa konferensi (ngazi inayosimamia makanisa ya eneo) huchaguliwa na wajumbe kwa kipindi maalumu, na zaka haibaki kanisani bali hupelekwa konferensi, ambayo ndiyo huwalipa wachungaji.

Wabaptisti wanasimamia ushirika unaojitawala. Waumini wenyewe humwita mchungaji, na hakuna ofisi ya juu inayoweza kumhamisha. Huduma nyingi za kipentekoste zisizofungamana na kanisa lolote husema zinafuata njia hiyo, ingawa kwa maoni yangu huo ni mfumo mwingine kabisa, kwa kuwa mwanzilishi ndiye mwenye maono, ndiye msemaji, na mara nyingi ndiye anayemtaja mrithi wake.

Anayetaka kuujua mfumo halisi wa kanisa lake asome katiba yake, kisha aulize hati ya kiwanja imeandikwa jina gani. Kisheria mali za kanisa hushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Waanglikana na Wakatoliki, kiwanja cha parokia kwa kawaida huwa chini ya wadhamini wa dayosisi au jimbo, hivyo waumini waliojenga kwa michango yao wakiamua kujitenga, huondoka bila jengo.